Ule nini baada ya kung'olewa jino la hekima: mwongozo wa jikoni kwetu, Kisumu na magharibi

Maswali ni yale yale kila wiki. Nile nini leo jioni? Ugali nianze lini? Chai naruhusiwa? Ni kweli maziwa yanaleta usaha? Daktari wa meno huwa ameeleza, lakini anapoeleza mgonjwa ana pamba mdomoni, shavu limekufa ganzi, na anachowaza ni kufika nyumbani akalale. Nayo karatasi ya maelekezo mara nyingi inataja vyakula ambavyo hutavikuta Kibuye wala soko la Luanda. Kwa hiyo nimeandika kwa kufuata sufuria zetu wenyewe.

Ninachokiona sana ni njaa. Mtu anaogopa kidonda, anashinda na maji matupu, kisha anameza dawa ya maumivu tumbo likiwa halina kitu. Kufika usiku ana kizunguzungu na anatapika, na kule kutapika kunaamsha damu iliyokuwa imetulia. Kidonda cha gego hakiponi kwa kufunga. Kula, tena kula vizuri, ila chakula kipite bila kulisumbua shimo.

Shimo lenyewe liko hivi: jino likitoka, damu huganda mle ndani, na bonge hilo la damu ndilo linalofunika mfupa na mishipa mpaka nyama mpya iote. Likitoka mapema, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake ni makali kuliko ya jino lenyewe. Madaktari huita hali hiyo shimo kavu. Yanayoling'oa bonge ni kufyonza, kutema kwa nguvu, kusukutua kwa nguvu na moshi wa sigara. Moto nao huirudisha damu, na chembe za chakula huingia shimoni zikaoza. Ukikumbuka hayo, nusu ya maswali utayajibu mwenyewe.

Vya kuandaa kabla ya siku ya kung'olewa

Andaa siku moja kabla. Ukirudi hutakuwa na hamu ya kusimama jikoni, na kuinama juu ya jiko lenye moto si jambo la siku hiyo.

- Unga wa uji, wimbi mtupu au wimbi na mtama, uliosagwa laini. Unga wa mahindi meupe pia unafaa.
- Kichujio chenye matundu madogo. Hiki usikiruke, nitaeleza sababu.
- Maziwa, na mala au yogati isiyo na vipande vya matunda.
- Avokado mbili tatu zilizoiva na moja mbili bado ngumu kidogo, zifuatane kuiva.
- Ndizi mbivu, papai, viazi vitamu, malenge au ndizi za kupika.
- Mayai.
- Siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa.
- Chumvi, na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye chombo chenye kifuniko. Maji ya bomba au ya kisima usiyapeleke kwenye kidonda bila kuyachemsha.
- Kijiko kidogo cha chai. Mdomo hautafunguka sana, kijiko kikubwa kitakutesa.
- Barafu, au pakiti ya maziwa iliyogandishwa, na kitambaa safi cha kuifungia.

Kama nyumbani kuna shangazi au shemeji anayekupikia, msomee mwongozo huu kabla hujaondoka. Mapenzi ya wapishi wetu ni makubwa, na mtu akikuona umevimba shavu atakuletea supu inayochemka yenye pilipili.

Hatua kwa hatua

1. Pamba kwanza, chakula baadaye. Uma ile pamba kwa nguvu ya wastani dakika 30 hadi 45, au jinsi ulivyoelekezwa. Usiongee sana njiani, na usiitoe kila mara kuangalia. Mate yakijaa, yaache yatiririke kwenye kitambaa au yameze, ila usiteme. Mate mekundu siku ya kwanza ni kawaida, maana tone la damu likichanganyika na mate huonekana kama kikombe kizima.

2. Subiri ganzi iishe. Huchukua saa 2 hadi 4, wengine zaidi. Ukila kabla hujahisi mdomo, utajiuma shavu, ulimi au mdomo wa chini bila kujua, au utajiunguza. Maji baridi unaweza kunywa kidogo kidogo, kwa kikombe. Muda huo weka barafu iliyofungwa kitambaani nje ya shavu dakika 20, uondoe dakika 20, urudie. Barafu inasaidia siku ya kwanza. Kuanzia siku ya tatu kitambaa cha uvuguvugu kinafaa zaidi.

3. Mlo wa kwanza uwe baridi na usiotafunwa. Mala, yogati, maziwa baridi, au avokado iliyopondwa kwa uma mpaka isiwe na hata kipande. Avokado itie chumvi kidogo tu, ndimu uiache. Ukiwa na blenda, saga ndizi, maziwa na kijiko cha siagi ya karanga; bila blenda, ponda ndizi kwa uma uichanganye na maziwa taratibu. Kunywa kwa kikombe au kula kwa kijiko. Mrija usiutumie hata kidogo kwa wiki ya kwanza, na hiyo ni pamoja na kufyonza pakiti ya maziwa iliyotobolewa pembeni, kunyonya chupa ya soda, kunyonya embe, na barafu za kunyonya wanazouza watoto. Baada ya mlo huu ndipo umeze dawa ya maumivu.

4. Usiku wa kwanza na siku ya pili, uji ndio chakula chako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uji ukipikwa vizuri unaweza kumbeba mgonjwa siku tatu bila kudhoofika, na ukipikwa vibaya unaleta shida.

   Koroga vijiko vinne vikubwa vya unga kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Punguza moto, uache uive dakika 15 hadi 20, kwa sababu uji wa wimbi ulioiva nusu huacha chenga. Mimina maziwa kikombe kimoja, uchemke tena kidogo. Epua, tia kijiko kimoja au viwili vya siagi ya karanga na ukoroge mpaka iyeyuke. Kisha chuja. Wimbi na mtama hubaki na maganda madogo hata unga ukisagwa namna gani, na maganda hayo ndiyo tunayoyakuta yamejaa shimoni mtu anaporudi kwa daktari akilalamikia harufu.

   Acha upoe. Dondoshea tone upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Usipohisi moto wala baridi, kunywa. Uji mkali uliochachushwa, na uji wa ndimu au ukwaju, ngoja mpaka kidonda kifunge kiasi. Uchachu hauui, lakini unachoma hadi mtu anaacha kula, na hilo ndilo sitaki.

   Uji wa chumvi nao upo: badala ya siagi ya karanga, tumia mchuzi wa kuku wa kienyeji au wa samaki uliochujwa. Wale wasiopenda vitu vitamu kutwa nzima huwa wanashukuru sana.

5. Saa 24 zikipita, anza maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Weka mdomoni, inamisha kichwa upande huu na upande ule, kisha fungua mdomo yaanguke yenyewe kwenye sinki au beseni. Usisukutue mashavu yakavuma, usiteme. Fanya hivyo kila baada ya kula na kabla ya kulala. Meno mengine piga mswaki kama kawaida, polepole, ukiliacha eneo la kidonda. Mdomo mchafu hauponi haraka.

6. Siku ya tatu na ya nne, ongeza vya kuponda. Uvimbe hufikia kilele karibu siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo usishangae taya likikaza wakati ulidhani umeanza kupona. Chemsha viazi, malenge au ndizi za kupika mpaka vilainike kabisa, ponda na maziwa au mchuzi. Viazi vitamu vile vyenye nyuzi uvichuje. Nduma ni nzito kumeza, iongezee maziwa mengi.

   Usile wanga mtupu. Mayai ya kuvurugwa, yaliyopikwa laini na maziwa kidogo, yanashuka bila kutafunwa. Maharagwe au ndengu zichemshwe mpaka zipasuke, ziponde, zipite kwenye kichujio ili maganda yabaki. Omena wasiletwe wazima, kwa maana vichwa na miiba yao midogo ni kama wametengenezwa kwa ajili ya kukwama. Lakini omena waliokaushwa vizuri, wakasagwa unga laini jinsi akina mama wanavyowafanyia watoto, kijiko kimoja ndani ya mchuzi kisha ukauchuja, ni lishe nzuri na ya bei nafuu.

7. Siku ya tano hadi ya saba, samaki na ugali laini. Kama unafungua mdomo bila maumivu makali, songa ugali mlaini kuliko wa kawaida, uukate matonge madogo, uutafunie upande usio na kidonda. Mboga ya kwanza iwe mrenda, ambao jirani Mluo atakuambia ni apoth. Mrenda unateleza, hauna nyuzi ukichambuliwa vizuri na kukatwakatwa, na unamsindikiza ugali hadi kooni bila kazi. Sukuma wiki na majani ya kunde ni magumu bado. Managu yaliyochemshwa sana na kulazwa kwenye maziwa yanafaa, ukiondoa vijiti.

   Samaki achaguliwe kwa miiba yake. Minofu ya mbuta ni rafiki yako: nyama nene, miiba mikubwa inayoonekana. Ngege ni mtamu, lakini ana miiba myembamba, basi mtu mwingine akuchambulie kwa vidole kabla hujala. Mpike kwa mchuzi, usimkaange akakauka. Nyanya za mchuzi ondoa mbegu.

8. Wiki ya pili, rudi taratibu. Wali laini, mkate usio na maganda, nyama ya kusaga, kuku aliyechemshwa hadi akaachana na mfupa. Chapati, githeri au nyoyo, nyama choma, mahindi ya kuchoma, miwa na njugu viwe vya mwisho. Kama daktari alikata ufizi na kusaga mfupa, ongeza siku. Nyuzi za kushonea nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya siku 7 hadi 10 au zaidi kidogo. Kama zako ni za kutolewa, rudi siku uliyopewa hata kama huumwi.

Siku nilizotaja ni za jino moja lililotoka bila mapambano. Aliyeng'olewa pande zote mbili kwa wakati mmoja hana upande wa kutafunia, basi abaki kwenye hatua ya 4 na ya 6 kwa muda mrefu zaidi.

Vinywaji

Kwa joto letu la kando ya ziwa, maji ni lazima. Lenga lita 2 kwa siku, kidogo kidogo. Chai ya maziwa inaruhusiwa ikishapoa mpaka iwe vuguvugu, na siku ya kwanza ni bora uiache. Sharubati ya papai au tikiti maji, bila mbegu, ni sawa. Machungwa, nanasi na pasheni zinachoma, na pasheni ina mbegu juu ya hayo. Soda waache waliokutembelea wanywe. Mursik ina chembe za mkaa. Kama huwezi kukaa bila maziwa ya kuganda, chagua mala.

Pombe: hapana kwa wiki ya kwanza, na kwa anayetumia metronidazole, ile wengi wanaiita Flagyl, hapana kabisa mpaka dozi iishe na siku 3 zipite. Mchanganyiko huo unaweza kuleta kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Busaa ya mirija mirefu ina makosa mawili kwa pamoja, pombe na kufyonza. Wazee wataelewa ukiwaambia.

Dawa na chakula

Ibuprofen na diclofenac zimezwe baada ya chakula. Ukiwa na vidonda vya tumbo, mwambie daktari kabla hajaandika. Paracetamol ni laini zaidi kwa tumbo, lakini mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aspirin usijinunulie kwa maumivu haya, inaongeza kutokwa damu. Lakini kama unaitumia kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Kuhusu maziwa na usaha: maziwa hayaleti usaha. Usaha unaletwa na bakteria. Kinachoweza kugombana na maziwa ni baadhi ya dawa, mfano doxycycline na tetracycline, ambazo maziwa huzizuia kuingia vizuri mwilini. Ukipewa hizo, acha saa 2 kati ya dawa na maziwa. Amoxicillin haina shida hiyo.

Mwenye kisukari asiruke mlo huku anatumia insulini au vidonge vyake. Tumia uji bila sukari, mayai, mala na avokado, pima sukari mara nyingi kuliko kawaida, na umjulishe daktari wako kwamba unakula vyakula laini tu.

Makosa yanayorudiwa

Kuvuta sigara "kidogo tu" siku ya pili. Moshi na kule kuvuta vyote vinaharibu, na kosa hili peke yake hurudisha watu kliniki kwa maumivu. Ukiweza wiki nzima bila sigara, kaza. Saa 72 za kwanza usithubutu.

Kuchokonoa shimo kwa kijiti ili kutoa chakula. Usifanye. Maji ya chumvi yatatoa, na kama daktari amekupa bomba dogo la kuoshea, atakuambia uanze siku gani.

Kupaka mkaa, tumbaku au majani yaliyosagwa. Shimo ni kidonda kilicho wazi hadi mfupani, usilitie kitu ambacho hukupewa.

Kula hadharani mapema. Ukiwa na matanga au harusi wiki hiyo, kula nyumbani kwanza, kwa sababu huko utapewa nyama na wali wa kukauka, na kukataa mbele ya wenyeji ni kugumu.

Mambo yakienda kombo

*Damu inarudi baada ya kula.* Kaa wima, usilale. Kunja pamba safi, iloweshe kidogo, iweke juu ya shimo na uume dakika 30 bila kufungua. Kama huna pamba, loweka kifuko cha majani ya chai kwenye maji moto, kikamue, kipoe kabisa, ukiume vivyo hivyo. Tanini ya chai husaidia damu kuganda. Ikishindikana mara mbili, nenda hospitali.

*Mdomo haufunguki hata kijiko kipite.* Siku za mwanzo ni kawaida. Kunywa uji mwepesi na mchuzi kwa kikombe chenye ukingo mwembamba. Kuanzia siku ya tatu weka kitambaa cha uvuguvugu shavuni na ufungue mdomo polepole mara chache kila baada ya saa kadhaa. Baada ya wiki bado umekaza, mwone daktari.

*Chakula kinanirudi, natapika.* Angalia kwanza kama ulimeza dawa bila kula. Pumzika saa moja, kisha unywe kidogo kidogo maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa, visijae kupita ukingo. Kikikaa tumboni, rudi kwenye uji. Kutapika kukiendelea, piga simu kliniki, huenda dawa ibadilishwe.

*Nimechoka na vitu vitamu.* Supu ya malenge, mchuzi wa mbuta uliochujwa, mayai, viazi vya kuponda na chumvi. Hakuna sheria inayosema mgonjwa ale vitamu.

*Maumivu yalikuwa yanapungua, sasa siku ya tatu au ya nne yamepanda hadi sikioni, na mdomo una harufu mbaya.* Hilo linaelekea kuwa shimo kavu. Hakuna chakula kitakacholiponya, na kuongeza vidonge siyo jibu. Rudi kwa daktari wa meno alisafishe na kuweka dawa ndani; wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo.

*Homa, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, au mdomo wa chini ambao bado ni ganzi siku ya pili.* Usisubiri siku ya miadi, rudi ukaangaliwe.

*Kumeza mate kumekuwa shida, sauti imebadilika, au kupumua ni kwa taabu.* Hapo acha chakula na vinywaji vyote, usingoje asubuhi, tafuta gari hata kama ni saa nane usiku. Aliye Kisumu aende idara ya dharura ya Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wengi tunaiita Russia; aliye mbali aende hospitali ya kaunti iliyo karibu naye. Beba dawa zote ulizopewa pamoja na karatasi ya kliniki, na umwambie wa kwanza kukupokea kwamba uling'olewa jino na ni lini.